Si Lazima Msanii wa Kinna Achore Ngamia

Mashindano ya uchoraji yakitangazwa huku kaskazini mwa Kenya, mshindi hujulikana kabla brashi haijaloweshwa. Atakuwa ngamia. Asipokuwa ngamia atakuwa mwanamke aliyejaa shanga hadi kidevuni, na huyo naye akikosekana, basi ni jua linalozama nyuma ya mgunga uliosimama peke yake. Watoto wetu wameshalijua hilo. Mpe mtoto wa Gredi ya 6 karatasi na penseli, mwambie achore kwao, naye ataanza na nundu, hata kama babake anauza simu sokoni na zizi la familia limebaki tupu tangu ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua ilipokosa kunyesha kwa misimu mitano mfululizo.

Msichana mmoja wa hapa Kinna, ambaye nimemfahamu tangu akivaa sare ya chekechea, aliivunja desturi hiyo. Alikuwa amemsindikiza nyanya yake Dirre, ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, kuwaona jamaa ambao mama huyo alikuwa akiwataja kwa majina maisha yake yote bila kuwahi kuwatia machoni. Walipanda gari hadi Isiolo, wakashika lami ya Marsabit na Moyale, wakavuka, wakapita Mega hadi Dubluk, kwenye visima. Aliporudi alichora. Kazi yake haina kisima, haina mtu, haina mnyama. Ina mikanda ya udongo mwekundu iliyolazwa kutoka juu kwenda chini, kila mmoja umekolea zaidi kidogo kuliko uliotangulia, hadi wa mwisho unakaribia kuwa mweusi. Katikati unateremka mstari mweupe, mwembamba, unaokatika na kuungika tena kwa vipimo vilivyo sawa. Chini kabisa kuna doa la kijivu lisilofika ukubwa wa kiganja. Wekundu ule haukutoka dukani. Aliubeba udongo kwenye mfuko wa plastiki, akauchekecha kwa kitambaa, akaukoroga na gundi ya seremala, na ukiukaribia unaona chembe za mchanga zimeshika mwanga.

Alipoipeleka kwenye shindano la vijana, mwamuzi mmoja aliigeuza juu chini, akairudisha, kisha akamuuliza: “Sasa binti, ngamia wako wapi?” Haikutundikwa hata ukutani pamoja na nyingine.

Mwamuzi yule alikosea, na sisemi hivi kwa kumwonea huruma mtoto. Nasema hivi kwa sababu kosa lenyewe limeenea, limo katika shule, katika mashirika yanayofadhili vijana, katika hoteli zinazonunua picha za kupamba kumbi, na limo ndani ya wasanii wetu wenyewe. Mtu anayeirudia nchi ya mababu ambayo hakuzaliwa ndani yake ana kazi ngumu ya kusema alichokikuta huko. Sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoiga umbo la kitu kinachoonekana kwa macho, mara nyingi ndiyo inayomruhusu aseme kweli. Na kwa Mborana wa Waso, yaani Mborana wa huku kwetu Isiolo, hakuna anachokiazima akiishika. Imo nyumbani kwake tangu zamani.

Tuanze na visima vyenyewe, maana bila kuvijua huwezi kuihukumu ile picha. Waborana huvihesabu visima vikuu vya tula kuwa tisa, na miongoni mwake ni Dubluk, Gayo, Web na Melbana. Vilikatwa kwa mikono ndani ya udongo na mwamba, vizazi vingi kabla ya mashine yoyote kufika huko, na vilivyo virefu hushuka hadi mita 30 hivi. Ng'ombe huteremka kwa njia ndefu iliyochimbwa ardhini mpaka kwenye mabirika yaliyosiribwa kwa udongo. Chini ya hapo, mahali ambapo ng'ombe hafiki, vijana husimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo, zilizojaa zikipanda na tupu zikishuka. Wanaimba, na wimbo ndio unaopanga mikono. Anayechelewa anamwaga maji ya watu. Kisima kina mwenyewe, abba konfi, wa ukoo uliokichimba au kukifukua kilipobomoka. Kuna pia abba herega, anayepanga zamu ya kunywesha, mifugo ya nani leo, ya nani kesho, nani atangulie na nani asubiri. Mgeni mwenye kiu hanyimwi maji, lakini hata yeye anaingia kwenye zamu.

Sasa simama ukingoni. Unaona nini? Unaona ndoo zikitokea gizani, basi. Wanaochota huwaoni vizuri. Unawasikia. Kina cha kisima unakipima kwa sauti, kwa jinsi kiitikio kinavyochelewa kupanda. Utaratibu unaowafanya watu wa koo mbalimbali wakae kwa amani juu ya maji machache hauonekani kwa macho hata kidogo, na huo ndio kisima hasa. Shimo peke yake lingekuwa limeshafukiwa zamani. Wapiga picha wengi wamefika kule, na picha zao zinapendeza, misuli inang'aa na maji yanametameta hewani. Zamu haimo. Ukoo haumo. Msichana wetu alirudi na mstari unaokatika na kuungika kwa vipimo vilivyo sawa, nami nikiutazama naona ndoo, naona zamu, nasikia kiitikio. Ameviingiza vitu vitatu kwenye mstari mmoja.

Kwa nini yeye, aliyezaliwa Kinna, aione Dirre kwa namna hiyo? Hapa historia ina neno. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliwahamisha Waborana kutoka Wajir, walikokuwa wakigombania visima na koo za Kisomali, ikawaleta upande huu wa Uaso Nyiro. Ndipo tukawa Waborana wa Waso. Uislamu uliingia na kukita mizizi, na uhusiano na ibada za jamaa waliobaki Dirre na Liben, kule Ethiopia, ukalegea mwaka baada ya mwaka. Kisha vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Watu walikusanywa kwenye kambi, mifugo ikapigwa risasi au kutaifishwa, na mingine ikafa kwa kufungiwa mahali pasipo malisho. Wazee wanauita wakati huo Gaf Daba, na hawautaji kwa kirefu. Mashamba ya kunyunyizia maji ambayo leo yanaifanya Kinna ionekane kijani kwa mtu anayetokea Garba Tulla yalikuja katika miaka iliyofuata, kwa watu waliokuwa wafugaji na sasa hawakuwa na cha kufuga.

Kwa hiyo kijana wa Kinna anarithi nini cha Dirre? Harithi mandhari, hakuyaona. Anarithi majina ya visima, mpangilio wa koo, nyimbo ambazo nyanya anaziimba akichuja maziwa, hesabu ya nani ni nani kwa nani. Amebeba muundo wa nchi bila sura yake. Akifika kule siku moja, mtu mzima, sura anaikuta ngeni lakini muundo anautambua papo hapo. Angechora ng'ombe birikani angechora alichokiona mtalii yeyote aliyeshuka kwenye gari lilelile. Alichokitambua yeye peke yake hakina pembe wala mkia.

Si yeye wa kwanza kupita njia hii katika Afrika Mashariki. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Babake alifariki yeye akiwa mchanga wa miezi michache, na mamake, aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Alikuja kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa nchi hiyo, akashinda Tuzo ya Turner mwaka 2017, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Anayemjua Himid anamjua kwa watu. Miaka ya 1980 alijulikana kwa sanamu za watu zilizokatwa kwenye mbao na kupakwa rangi, na mwaka 2004 alijaza ukumbi mzima kwa watu 100 wa namna hiyo, wenye kimo cha binadamu, kila mmoja akiwa na jina lake la Kiafrika na jina alilobandikwa utumwani. Ni mchoraji wa nyuso, wa mavazi, wa watu waliosahauliwa na historia.

Mwaka 1997 alirudi Zanzibar kwa mara ya kwanza tangu atolewe huko akiwa kifuani mwa mamake. Baada ya safari hiyo alichora mfululizo aliouita Zanzibar, wa mwaka 1999, picha zinazokaa mbilimbili, na ndani yake watu wametoweka. Kuna rangi tupu zilizopangwa, mistari, mapambo, kumbukumbu ya mbao za madirisha ya Mji Mkongwe. Mchoraji aliyewapa watu sura maisha yake yote alifika alikozaliwa, alikozikwa babake, akaona kwamba sura haisaidii. Angemchora nani? Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya babake. Alichokuwa nacho ni mwanga unaopenya kwenye mbao za dirisha, na maji, na huzuni isiyo na uso. Nikimtafakari Himid nasita kabisa kukubali kwamba sanaa dhahania ni mchezo wa watu wasiojua kuchora. Yeye alijua kuchora watu kuliko wengi, na aliwaacha kwa makusudi mahali palepale ambapo sisi tungemtaka awachore.

Mbali zaidi, Japani, kuna Isamu Noguchi. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1904, mama Mmarekani, baba mshairi Mjapani. Alilelewa Japani hadi 1918, alipopelekwa Marekani peke yake akiwa kijana wa miaka 13. Alipokuwa mtu mzima alipitia karakana ya mchongaji Brancusi jijini Paris, lakini riziki aliitafuta New York kwa kuchonga vichwa vya watu wenye uwezo wa kulipa. Mwaka 1931 alirudi Japani. Kabla hajafika, baba alimwandikia barua kumwambia asije akitumia jina la Noguchi. Alikwenda hivyo hivyo. Alikaa Kyoto, akafinyanga udongo kwa mfinyanzi Uno Jinmatsu, akazitazama haniwa, sanamu za udongo zilizowekwa makaburini karne nyingi zilizopita, na akaziona bustani za mawe kwenye mahekalu. Kilichomjia kutokana na nchi ile kiliendelea kutoka mikononi mwake hadi uzeeni: mawe yaliyoguswa kidogo tu, uwanja mtupu uliopimwa kwa makini. Bustani aliyoijenga Paris kwenye makao makuu ya UNESCO, iliyokamilika mwaka 1958, ina mawe aliyoyasafirisha kutoka Japani, wala hakuna hata moja lililochongwa kuwa mtu.

Kyoto kwenyewe kuna Ryoan-ji, bustani ya mawe 15 kwenye changarawe nyeupe iliyochanwa kwa reki. Ukikaa kwenye baraza, popote utakapokaa, jiwe moja au zaidi linajificha nyuma ya jingine. Huwezi kuyaona yote 15 kwa pamoja. Wajapani wamekaa mbele ya mawe yale kwa mamia ya miaka bila kumtaka mtu awaonyeshe twiga. Ndiyo maana mtu wa asili ya Kijapani akirudi kuitafuta nchi ya mababu, akaleta picha ya mstari na utupu, watu hawashangai. Mababu wenyewe walishamtangulia katika lugha hiyo. Tatizo letu ni kwamba tumekubali kuaminishwa kuwa mababu zetu hawakuwa na lugha ya namna hiyo.

Aliyetuaminisha ni nani? Wako wengi, ila mmoja aliishi karibu sana nasi. Joy Adamson anajulikana duniani kwa simba jike Elsa, aliyezikwa mwaka 1961 kando ya mto Ura, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Meru, jirani yetu hapa Kinna. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya Elsa alikuwa mchoraji. Mumewe George alikuwa ofisa wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, makao yao yakiwa Isiolo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao. Alichora mamia. Nyingi ziko katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, nyingine Ikulu, na mwaka 1967 alizichapisha kitabuni.

Alikuwa na mkono hodari. Shanga alizihesabu, ngozi alizichora mpaka unakaribia kusikia harufu ya samli. Na leo mtu akitaka kujua vazi fulani lilifungwaje, picha zile ni hazina. Lakini zitazame nyingi kwa pamoja. Kila mtu amesimama peke yake, nyuma yake hakuna kitu, ametulizwa ili achunguzwe. Ni namna ileile aliyotumia kuchora maua, na alianza kwa kuchora maua. Mwangwi wa picha hizo umekaa kwenye kadi za posta, kwenye kalenda za benki, kwenye kuta za hoteli, hadi ukafika kwenye meza ya yule mwamuzi. Kaskazini ikawa mahali pa kuangaliwa. Hakuna aliyeuliza mtu wa kaskazini mwenyewe akiangalia anaona nini.

Lakini lugha ile ya mababu ipo. Muulize mama wa Kiborana akuonyeshe chicho, chombo cha maziwa cha kusuka. Kimetengenezwa kwa mizizi ya ergamsa, mmea wa miiba unaochimbwa porini. Mizizi inabanduliwa, inapasuliwa nyuzi, inalowekwa. Kusuka kunaanzia kitakoni na kupanda kwa mzunguko, uzi juu ya uzi, umekazwa kiasi kwamba maziwa hayavuji hata tone. Ndani hufukizwa moshi wa mti uliochaguliwa, na harufu yake ndiyo inayokwambia maziwa haya ni ya nyumba gani. Pitisha kidole nje. Kuna safu laini, halafu safu iliyoinuka, halafu laini mbili, halafu iliyoinuka tena. Msusi hakupima kwa rula. Anahesabu kichwani huku akizungumza na wageni. Hakuna jani lililochorwa pale wala ndege. Kuna mpangilio mtupu, uliofikiriwa, uliorekebishwa na vizazi vya wanawake, na anayejua kusoma anatambua mkono wa msusi. Kama hiyo si sanaa dhahania, basi nielezwe ni nini.

Tuchukue na kalenda. Mwanaanthropolojia Asmarom Legesse, Mwafrika mwenzetu wa Eritrea, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu Gada, yaani mfumo wa utawala wa Waborana, jinsi wanavyohesabu wakati: siku 27 zenye majina zinazozunguka ndani ya miezi 12 ya mwandamo, mwaka wa siku 354, na wataalamu wanaosoma mwezi ulivyo dhidi ya nyota fulani ili kujua mwezi gani umeingia. Uongozi wenyewe unabadilishwa kila miaka minane kwa mzunguko ambao mtu wa kawaida anahitaji muda mrefu kuuelewa. UNESCO iliiandika Gada katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016. Watu wanaofikiri hivi, kwa mizunguko ndani ya mizunguko, wanaambiwaje kwamba picha isiyo na mnyama ni ya kigeni kwao?

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji wa mashindano hawaliulizi kabisa. Kinna ni mji wa Waislamu. Ziko familia nyingi ambazo hazioni vizuri mtoto wao kuchora kiumbe chenye roho. Maulamaa wana maelezo yao na tofauti zao, na si kazi yangu kuyaamua hapa. Ila namjua mtoto anayeambiwa madrasa asichore viumbe na kuambiwa shuleni kwamba bila kiumbe hakuna alama. Ndugu zetu wa pwani walilimaliza suala hilo zamani. Nenda Lamu ukatazame vidaka vya nyumba za karne ya 18, chokaa iliyochongwa kuta nzima kwa maumbo yanayojirudia, au milango ya Zanzibar yenye minyororo na mawimbi. Hakuna anayesimama mbele ya kazi ile akasema imepungukiwa na tembo.

Najua litakaloletwa mbele yangu sasa: soko. Mzazi mmoja aliniambia wazi kwamba picha ya ngamia inauzwa kwa mtalii anayetoka Meru Park, na picha ya mistari itamlisha nani? Ni swali la haki na silipuuzi. Lakini soko nalo lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wamakonde waliokuwa wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji walikuwa wakichonga Dar es Salaam vitu ambavyo wageni walivizoea. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kutoa vinyago vya shetani, maumbo yaliyopinda, jicho moja, kiungo mahali kisipotakiwa. Mfanyabiashara Mohamed Peera alivinunua badala ya kumuuliza simba yuko wapi. Baadaye ukaja mtindo wa mawingu, ambao ulikaribia kuacha kabisa umbo la mtu, mpingo ukijikunja na kujifungua kama moshi. Vinyago hivyo vilisafiri mbali. Japani, katika mji wa Ise, iko nyumba ya makumbusho iliyojengwa kwa ajili ya Makonde. Wajapani waliozoea mawe ya Kyoto waliielewa kazi hiyo bila mkalimani. Tungewaambia Wamakonde wachonge twiga tu, leo wangekuwa wanauza twiga kando ya barabara kwa bei ya kutupa, kama wanavyouzwa wengine wengi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu. Sanaa dhahania inaweza kuwa maficho ya uvivu. Mtu anamwaga rangi, anaipa jina la huzuni, anasubiri makofi. Nimeziona kazi hizo Nairobi, kwenye kuta nzuri zenye taa nzuri, na sikupata chochote. Siombi mtoto wa Kinna asamehewe kazi mbaya kwa sababu ni ngumu kuelewa. Naomba aulizwe maswali yanayoifaa kazi yake. Udongo huu umeutoa wapi na kwa nini huu? Mstari huu unakatika mara ngapi, na nani alikufundisha hesabu hiyo? Ukiondoa mkanda mmoja, kazi inapungukiwa na nini? Msichana wetu angejibu yote. Nilimuuliza kwa nini doa la chini ni la kijivu wakati maji tunayachora buluu. Akasema, “Mwalimu, kule chini maji hayana rangi mpaka yafike juu.” Mchoraji anayejua hivyo ametazama.

Nyanya yake ndiye aliyenifundisha mengine. Alipoonyeshwa picha, waliokuwepo walitarajia acheke au aulize ni nini. Aliitazama, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kunywesha, mkono ukipiga gotini, na alipofika kiitikio kidole chake kilikuwa juu ya pale mstari unapokatika. Hakuhitaji maelezo. Kisha akalalamika kwamba ndoo ya tatu imechelewa, na mjukuu wake akakubali, akaahidi kuirekebisha. Sijawahi kuona uhakiki wa sanaa ulio makini kuliko huo.

Haya yangekuwa mazungumzo ya barazani tu kama isingekuwa kwamba wakati wenyewe umefika. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyowekewa ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Sasa mtoto wa Isiolo anaweza kuiambia familia yake kwamba kuchora ni masomo. Atafundishwa nini? Kama mwalimu wake ataletewa bango lenye mgunga na machweo, tutakuwa tumejenga mkondo wa kuzalisha wauzaji wa kadi za posta.

Ninalopendekeza halina gharama kubwa. Anayeandaa shindano la sanaa Isiolo, Marsabit au Wajir aondoe kwenye tangazo orodha ya vitu vya kuchorwa, na kila mshiriki aruhusiwe kuieleza kazi yake kwa mdomo, kwa Kiborana au Kiswahili, mbele ya waamuzi ambao angalau mmoja wao ni msusi. Serikali ya kaunti inaponunua picha za ofisi zake inunue nusu yake kwa vijana wa hapa, na isiwaagizie cha kuchora. Vijana wanaopata nauli ya kwenda Dirre au Liben, waende; barabara ni nzuri siku hizi, na safari hiyo itawapa kazi ya miaka mingi.

Na shule ziwaite akina mama wanaosuka. Hili ndilo la haraka kuliko yote, kwa sababu Kinna ya leo inanunua maziwa kwenye chupa za plastiki, na wasichana wanaojua kuutambua mzizi wa ergamsa porini wanapungua. Shule inamlipa kocha wa kandanda posho ya kila wiki bila mtu kunung'unika. Mama anayeweza kusuka chombo kisichovuja huku akihesabu safu zote kichwani alipwe posho hiyohiyo, aingie darasani kama mwalimu, apewe kiti na wanafunzi wa kukaa mbele yake, na hesabu yake iandikwe daftarini safu kwa safu angali hai mwenyewe wa kuisahihisha.